Do Peke Yake Haimalizi Harusi

Sijawahi kukutana na mtoto aliyewaambia wazazi wake kwamba akikua anataka kupiga besi. Solo wanaitaka wote. Kuimba, usiseme. Dramu zina kelele, na mtoto gani hapendi kelele? Besi hubaki, na anayeipata ni yule aliyechelewa kufika siku ya kugawana vyombo. Hata The Beatles mambo yalikuwa hayo hayo: mpiga besi wao, Stuart Sutcliffe, alipoacha bendi mwaka 1961 akabaki Hamburg na uchoraji wake, wenzake wakaanza kutazamana, na mzigo ukamwangukia Paul McCartney, ambaye hakuwa ameuomba. Mimi nilikabidhiwa besi ya kwaya kwa sababu baiskeli yangu ndiyo iliyokuwa na keria imara. Sifa nyingine za kimuziki hazikuulizwa.

Mafunzo yalichukua muda mfupi kuliko ule wa kulifunga lile gitaa kwenye keria. Mwalimu wa kwaya alisema: kodi ikiwa C, piga C. Ikija F, piga F. Ikija G, piga G. Basi, karibu kwenye huduma.

Hiyo noti ambayo kodi, lile fungu la noti zinazopigwa pamoja, imepewa jina lake ndiyo wapigaji wanaiita ruti, na kuipiga ni kazi ya heshima kabisa. Mpiga ruti ni mlinzi wa getini: gari likija anafungua, likipita anafunga, na kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka hakuna anayekumbuka kumtaja, ila asipokuwepo siku moja tu mtaa mzima unajua. Kuna watu wamekaa getini miaka yote, wamesomesha watoto, wamejenga. Siwacheki.

Kilichonitoa mimi getini ni zawadi za harusi, maana mbali na kwaya napiga pia kwenye bendi ya harusi.

Anayejua harusi za Dar es Salaam anajua ninachosema. Keki imekatwa, watu wamekula, MC anashika kipaza sauti: "Sasa tunawakaribisha mashangazi wa bwana harusi na zawadi zao!" Hapo bendi inaingia na wimbo wa kodi mbili, C na G, na wimbo huo hauna mwisho wake wenyewe, mwisho wake ni shangazi wa mwisho kufika mbele. Ukoo ukiwa mdogo, mnapona. Ukoo ukiwa wa watu waliozaana kwa bidii, mpiga besi anazeeka jukwaani. Mashangazi hawatembei, wanacheza. Hatua mbili mbele, moja nyuma, khanga imefungwa kiunoni, sufuria kichwani, mfuniko wa sufuria mkononi unapigwa kwa kijiko. Wanafika katikati ya ukumbi, mmoja anakumbuka kwamba mpiga picha hajawapata vizuri, wanarudi mlangoni wote, wanaanza upya. Wimbo unaendelea. C, C, C, C. G, G, G, G.

Siku moja wajomba walileta kitanda. Sita kwa sita, mninga mtupu, kimeshaungwa tayari, na mlango wa ukumbi ulikuwa wa watu wa kawaida. Kilipinduliwa ubavu, kikakataa. Kikasimamishwa, kikakataa. Mjomba mmoja akatumwa kutafuta bisibisi. Bendi haiwezi kunyamaza wakati wajomba wanahangaika na kitanda, ingeonekana dharau kwa upande wa mama, kwa hiyo tuliendelea. Mpiga solo alikuwa na kazi: anachombeza, anapanda, anashuka, anawachekea wasichana wa kamati. Mpiga tumba alikuwa anaongea na tumba zake. Mimi nilikuwa na C na G, na kitanda hakiingii.

Ndipo kidole kikaanza kutembea chenyewe.

Pa kwanza pa kwenda ni so. Nasema so kwa sababu wengi wetu muziki tumeujulia kwenye kwaya, kwa do re mi, na besi haijawahi kumkatalia mtu wa do re mi. Kwenye besi ya kawaida nyuzi ni nne, E, A, D na G. Shika C kwenye uzi wa A, freti ya tatu. So yake iko uzi unaofuata, freti ya tano. Do ya juu iko uzi wa mwisho, freti hiyo hiyo ya tano. Vidole havina safari ndefu. Na uzuri wa so ni kwamba haigombani na mtu: kodi iwe ya furaha, iwe ya majonzi, so ni ile ile. Do, so, do ya juu, so. Kwa noti hizo tu mashangazi wanaweza kuleta mpaka friji.

Tatizo linaanza ukitamani mi. Mi ndiyo inayosema kodi ni ya furaha au ya majonzi, na kwa hiyo ni noti yenye msimamo. Ukiwa kwenye C iko jirani kabisa, uzi unaofuata, freti moja nyuma, inakuita. Lakini mpiga solo akiwa ameigeuza kodi kuwa ya majonzi bila kumwambia mtu, kama wapiga solo wanavyopenda, na wewe chini ukaiweka mi ya furaha, sauti mbili zinakwaruzana nusu hatua moja, na ukumbi mzima unageuka kumtazama mpiga besi. Mpiga solo hatazamwi kamwe. Yeye amevaa kofia.

Mi ikikaa vizuri, hata hivyo, ni raha isiyosemeka. Kodi ya C juu, mi chini yake, na kila kitu kinaonekana kimeegemea mbele, kinataka kwenda mahali. Brian Wilson wa The Beach Boys alifanya sana mambo hayo kwenye albamu ya Pet Sounds mwaka 1966, besi inakaa kwenye noti ya pili au ya tatu ya kodi badala ya ruti, wimbo mzima unaelea. McCartney aliisikiliza akachanganyikiwa kwa mapenzi. Mwaka uliofuata, wakirekodi Sgt. Pepper, akawa mara nyingi anaacha besi yake irekodiwe mwisho, wenzake wakishamaliza, ili apate nafasi ya kuitafutia njia yake peke yake. Mtu aliyepewa besi kwa kukosekana mwingine! Mimi kwenye bendi ya harusi nafasi ya kurekodi mwisho sina, nina wajomba.

Basi nikaipeleka mi kanisani. Jumapili, wimbo wa kawaida kabisa ambao hata watoto wa chekechea wanaujua, ubeti wa pili nikakaa kwenye mi pale waliponizoea kwenye do. Dada mmoja wa sauti ya kwanza, mwenye sauti nzuri kuliko wote, alikuwa miaka yote anaitafuta do yake kwenye gitaa langu bila kumwambia mtu. Do ilipoondoka, akaifuata. Sauti ya pili ikamfuata yeye. Sauti ya tatu ni wanaume watatu, wawili wakawafuata akina mama, mmoja akabaki anaimba peke yake kwa uaminifu mkubwa mpaka mwisho. Mchungaji akafumba macho. Waumini wakadhani ni maombi, nao wakafumba.

Suala likafika kwenye kikao cha kamati ya kwaya, chini ya kichwa "Mengineyo", baada ya sare za Pasaka na kabla ya kufunga kwa sala. Mwenyekiti, mama mmoja wa heshima zake, aliliweka kwa upole: "Kuna malalamiko kwamba gitaa kubwa linatoroka."

Nilikuja na ushahidi. Nikafungua kitabu cha nota, nikawaonyesha sauti ya nne, ile ya wazee wetu wa besi wanaokaa nyuma na makoti. Waangalie wenyewe, nikasema. Kodi ya do iko hapa, na mzee anaimba mi. Hapa tena anashuka kwa ti kwenda la, ngazi kwa ngazi, hakai kwenye ruti hata kidogo. Watunzi wa nyimbo hizi walimwandikia mwimba besi njia yake kamili, wimbo wake mwenyewe ndani ya wimbo, karne kadhaa zilizopita. Wazee wetu wamekuwa wakitoka getini kila Jumapili tangu wabatizwe, na hakuna aliyewaita kwenye kikao.

Kamati ikanisikiliza kwa makini. Kisha mzee mmoja wa sauti ya nne akanyoosha mkono, akasema: "Sawa, mwanangu. Lakini sisi tunafanya mazoezi."

Nikarudishwa kwenye do kwa kipindi cha matazamio.

Tatizo la mazoezi ya besi ni kwamba nyumbani hayasikiki kuwa ni muziki. Mtu anayejifunza gitaa la kawaida, hata akikosea, majirani wanajua anaimba nini. Besi peke yake, bila wimbo juu yake, inasikika mtu anasogeza kabati. Jirani wa ukuta wa pili aliwahi kugonga mlango kwa nia njema kabisa kuuliza kama tunahama na kama tunahitaji msaada. Mwanangu naye alikaa pembeni yangu muda mrefu, kashika tama, nikafurahi kwamba kipaji kinarithiwa. Mwishowe akauliza: "Baba, wimbo unaanza saa ngapi?"

Nilikuwa nafanya mazoezi ya kutoka C kwenda F, ambayo ndiyo safari inayorudiwa kuliko zote kwenye nyimbo zetu. Mpiga ruti anapiga C nne, kisha F. Mimi nataka zile nne zinipeleke. Hesabu moja ni do, hapo hakuna mjadala, wenzako lazima wajue mpo wapi. Mbili, mi. Tatu, so. Nne, ile fe ambayo wanakwaya wanaiogopa, noti iliyo kati ya fa na so na ambayo kwenye kodi yenyewe haimo kabisa. Halafu moja tena: fa, F, umefika. Kwenye uzi wa D ni freti ya tano, ya nne, ya tatu, kidole kinateleza kinashuka ngazi. Ile fe ukiipiga peke yake ukaiacha hapo, watu watakuomba uondoke. Ukiipiga kwenye hesabu ya nne na fa ikafuata palepale, hakuna anayejua ilipita. Wanachojua ni kwamba F imekuja ikiwa tamu kuliko jana.

Ndiyo maana nasema katika mambo haya njia haina kesi kubwa. Pita kwenye mi, pita kwenye la, pita hata kwenye noti ya haramu, msikilizaji wa Kitanzania ana huruma. Kuchelewa kufika ndiko hasamehi. F ikiangukia kwenye hesabu ya pili badala ya ya kwanza, mashangazi wanakosa hatua, sufuria zinagongana, na MC anaanza kutania bendi.

Bingwa wa safari hizi alikuwa James Jamerson wa Detroit, aliyekuwa besi ya nyuma kwenye nyimbo nyingi sana za Motown za miaka ya sitini, enzi ambazo mara nyingi majina ya wapigaji hata hayaandikwi kwenye jalada. Alipitia humo humo kwenye fe na ndugu zake, anaruka, anasita, anarudi, na F ikifika yeye ameshakaa anakusubiri. Mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada. Na Fender yake ya mwaka 1962 hakupenda kuibadilisha nyuzi. Aliziacha humo humo, zizeeke. Habari hii ya nyuzi nilifanya kosa moja kuitaja mbele ya mtunza hazina wa bendi. Tangu siku hiyo kila nikipeleka ombi la nyuzi mpya narudishiwa na jina la Jamerson limeandikwa pembeni.

Shule yangu ya kweli lakini ni daladala. Kuna magari ya Mbagala ambayo spika kubwa imefungwa chini ya kiti cha nyuma, na ukikaa hapo huimbiwi, unatetemeshwa. Sauti ya mwimbaji imebaki mbele kwa dereva. Wewe nyuma unapata besi tupu, imevuliwa wimbo, kila noti inapita kwenye uti wa mgongo. Hapo ndipo nilipowaelewa Wakongo. Nilikuwa nasikiliza kitu cha miaka ya tisini, zile sebene za Soukous Stars ambamo Ngouma Lokito anapiga besi, nikagundua kwamba nilikuwa nasubiri noti ya kwanza na haiji. Kodi inabadilika, hesabu ya moja inapita, besi kimya. Halafu anaingia nyuma ya hesabu, noti tatu zimebanana, anatoka. Pengo lenyewe ndilo linalochezesha. Mguu wako unajaza alichokiacha yeye. Nikawa nahesabu kwa kidole kwenye goti, napanga nitakavyomwambia mpiga dramu, na konda akagonga bodi: "Rangi Tatu mwisho, shukeni!" Mimi nilikuwa nakwenda Mtoni. Nililipa nauli ya kurudi bila kinyongo, nikachagua tena kiti cha nyuma.

Simu, kwa upande mwingine, ni adui. Uzi mnene wa besi ukiuachia unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na kispika cha simu hakina kifua cha kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Kinachotoka ni vumbi lake la juu. Harusi ya binamu yangu nilipiga, kwa maoni yangu, mstari bora wa maisha yangu: C kwenda F kwa fe, F kwenda G kwa kupanda, chemko lote, ile sehemu ya kasi ya wimbo, nikiwa nimetulia kama mtu aliyelipwa mapema. Video ikarushwa kwenye kundi la familia. Nikaisubiri siku nzima. Shemeji akaandika: "Hongereni, dramu zimetulia sana." Shangazi akauliza kwa nini niko jukwaani na sipigi.

Nilichojifunza kwenye daladala nilikipeleka kazini Jumamosi iliyofuata. Ukumbi mkubwa, vyombo vya kukodi, fundi mitambo wa kukodi pia, kijana makini sana ambaye hatukuwahi kufanya naye kazi. Wimbo wa zawadi ukaanza. Upande wa bi harusi, watu wengi, nikaona hapa kuna muda. Nikaacha hesabu ya moja. Kimya, halafu noti tatu, kimya. Mpiga dramu akanyanyua kichwa, akatabasamu, akanielewa. Mpiga tumba akaingia kwenye lile pengo. Mashangazi wakaanza kushuka mabega kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwenye C na G. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema.

Fundi mitambo yeye alikuwa anaona taa ya besi kwenye mikisa inawaka inazimika, inawaka inazimika. Akahitimisha kwamba waya umekatika. Alikuja mbio ameinama, kwa adabu, ili asizibe kamera, na waya mpya begani. Nikamkatalia kwa macho. Akadhani namhimiza. Akaushika waya wangu, akauchomoa sauti ikiwa juu.

Waliokuwepo wanajua. Ulipiga mlio mmoja, BUUUM, glasi za meza kuu zikacheza, mtoto mmoja akalia, na bibi aliyekuwa amebeba seti ya vikombe vya udongo kichwani akakaa chini palepale, wima, bila kuangusha hata kimoja. Ukumbi ukampigia makofi. Wakadhani ni sehemu ya mchezo wa kwao, na MC akaomba urudiwe. Fundi akachomeka waya mpya, akanipa dole gumba, akarudi kwenye mikisa yake na, ili kuhakikisha, akaniongezea sauti.

Tangu hapo tuna makubaliano na kiongozi wa bendi. Kwenye beti, mwimbaji akiwa anaeleza habari yake ya mapenzi, nakaa nyumbani kwenye ruti, naruhusiwa so na do ya juu tu. Wimbo ukiingia chemko, nafunguliwa. Mapengo hadi fundi mitambo apewe taarifa kwa maandishi. Kwayani nako kipindi cha matazamio kinaendelea, ila mwalimu ameniruhusu mi moja kwa kila wimbo, kwenye ubeti wa mwisho, na yule dada wa sauti ya kwanza anajulishwa kabla.

Mwezi uliopita, wakati wa mapumziko, mzee mmoja alikuja mpaka jukwaani na sahani yake ya pilau mkononi. Usiku kucha alikuwa ameketi meza ya jirani na spika, peke yake, anakula taratibu. Nikamsabahi, shikamoo mzee, akaitika, akalitazama gitaa, akanitazama mimi.

"Ule wimbo wa zawadi," akasema, "ukienda kwenye F unapitia juu, unashuka."

Nikahisi machozi. Mtu kasikia! Nikamwambia ndiyo mzee, napitia kwenye fe.

"Nimeiona. Umeipitia usiku kucha. Siku nyingine njoo kwa chini, re, mi, halafu fa, watu wasikuzoee." Akanyamaza akatafuna. "Wewe unajua kazi, kijana."

Nikamwuliza kama aliwahi kupiga besi. Akatikisa kichwa.

"Mimi? Mimi nilikuwa solo. Na hiyo sauti ipunguze, nina presha."